Ofa mbili mezani: straika aanzie wapi nje?

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 20, nacheza namba tisa. Msimu uliopita nilifunga mabao 16 ligi kuu ya nyumbani. Nina ofa mbili. Ya kwanza ni ya klabu ya Bundesliga, Ujerumani. Wanasema nitaanzia timu yao ya pili halafu watanipandisha. Ya pili ni ya klabu ya ligi kuu ya Norway. Mshahara wao ni kama nusu ya ule wa Ujerumani, ila kocha mwenyewe alinipigia simu. Nyumbani wote wanasema Ujerumani. Kuna pia mtu anajiita wakala, anataka nimlipe kwanza ili afungue faili langu. Niende wapi, niangalie nini kwenye mkataba, na je, nimeshachelewa?"

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa hayo mabao 16. Nitayarudia baadaye, maana yana swali lake.

Nianze na la mwisho kwa sababu ni jepesi. Hujachelewa. Didier Drogba alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa Le Mans, daraja la pili Ufaransa, akiwa na miaka 21. Alipotua Chelsea mwaka 2004 alikuwa na 26. Straika huiva polepole kuliko winga. Mbio unazo tangu utotoni, lakini kujua mpira utaangukia wapi kabla beki hajajua, hilo hulipati bila kucheza mechi nyingi na kukosa mabao mengi.

La wakala nalo halina mjadala: achana naye leo. Hakuna faili. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, ameifanyia mtihani, na jina lake liko kwenye orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua mtandaoni. Analipwa asilimia ya kilichopatikana, baada ya kupatikana. Mkataba wenu wa uwakilishi hauruhusiwi kuzidi miaka miwili, kwa hiyo akikuletea wa miaka mitano ujue ama hajui kanuni au anakuona wewe huzijui. Nilipokuwa nacheza nje walikuja vijana wawili na barua za mwaliko zenye nembo ya klabu yetu. Klabu haikuwa na habari nao kabisa. Walilala chumbani kwangu wiki tatu, na mmoja alikuwa fundi wa mpira kuliko mimi. Klabu inayokutaka hutuma mwaliko kutoka ofisini kwake na hulipa tiketi. Ukiwa na shaka, tafuta namba ya simu kwenye tovuti ya klabu, si ile iliyoandikwa kwenye barua, kisha piga uulize.

Sasa Ujerumani au Norway. Mimi ningekwenda Norway, kwa masharti nitakayoyataja. Nitaeleza kwa kirefu ili hao wa nyumbani nao wapate cha kusoma.

Beki wa kati akikaa benchi miezi minne, siku akiingia akapiga vichwa vyake na kutoa pasi fupi, watu husema kijana ametulia. Straika hana bahati hiyo. Akikaa benchi miezi minne kisha akapewa dakika kumi na mbili timu ikiwa nyuma bao moja, anaingia akiwa na njaa ya miezi minne na shuti moja la kuimalizia. Likigonga mwamba, kwenye takwimu anaandikiwa sifuri, na sifuri hiyo haielezi kwamba aliingia dakika ya 78.

Fanya hesabu kidogo. Ukichukua mashuti ya kila aina kwenye ligi za kulipwa, kwa kukadiria ni moja katika kila kumi linaloingia. Tuseme wewe ni straika mzuri unayepata mashuti mawili na nusu kila unapocheza dakika tisini. Utahitaji mechi nne kamili kupata bao moja, yaani dakika 360. Anayeanza kila wiki hupata dakika hizo ndani ya mwezi. Anayepewa dakika 15 kila wiki atazipata baada ya wiki 24. Kipaji ni kilekile, ila mmoja ana mabao sita ilhali mwenzake ana moja na ameshaitwa hasara.

Ongeza jambo la pili, ambalo vijana wengi hawalioni hadi wafike. Timu nyingi Ulaya hucheza na straika mmoja. Winga anaweza kupangwa kulia, kushoto, hata nyuma ya mshambuliaji. Kiungo ana nafasi mbili au tatu za kugombea. Wewe una moja, na kila klabu kubwa ina watu watatu wanaoitaka, mmoja wao akiwa amenunuliwa kwa pesa ambazo mkurugenzi lazima azitetee. Huyo atacheza hata akiwa mbovu. Sisemi hivyo kwa uchungu (kidogo tu), ndivyo biashara ilivyo.

Na timu ya pili ya Ujerumani ni nini hasa? Ni timu inayocheza chini, ligi ya tatu ikiwa na bahati, mara nyingi ya nne, na kanuni zao haziziruhusu timu hizo kupanda zaidi ya ligi ya tatu. Utafanya mazoezi kwenye viwanja vizuri sana na utakula chakula kilichopimwa na mtaalamu wa lishe. Lakini mabao kumi ya ligi ya nne hayamshtui mtu. Msaka vipaji wa Ubelgiji atauliza: mbona hawakumpandisha?

Angalia Victor Osimhen. Mwaka 2015 alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule Chile, mabao 10. Januari 2017 alikwenda Wolfsburg, hukohuko Bundesliga. Hakufunga hata bao moja la ligi. Mwaka 2018 alitafuta pa kuponea Ubelgiji, akaangukia Charleroi kwa mkopo, klabu ambayo nyumbani kwenu hakuna angeishangilia. Charleroi walimpanga. Akafunga 20 katika mashindano yote, Lille ya Ufaransa wakamchukua, Napoli ya Italia wakamchukua mwaka 2020, na msimu wa 2022/23 akawa mfungaji bora wa Serie A, ligi kuu ya Italia, kwa mabao 26, Napoli wakabeba ubingwa walioukosa tangu 1990. Kati ya Wolfsburg na Charleroi miguu yake haikubadilika. Zilibadilika dakika.

Alexander Isak alinunuliwa na Dortmund akiwa na miaka 17, akasota huko miaka miwili. Januari 2019 wakamkopesha kwa Willem II ya Uholanzi: mechi 16 za ligi, mabao 13. Hapo ndipo dunia ilipokumbuka jina lake.

Na kama wa nyumbani wanadhani Norway ni mwisho wa barabara, waambie habari za Victor Boniface. Aliingia Ulaya kupitia Bodø/Glimt ya Norway mwaka 2019, akaumia goti vibaya, akarudi, akauzwa Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji 2022, na mwaka uliofuata akawa Bayer Leverkusen. Msimu wa 2023/24 walichukua Bundesliga bila kupoteza mechi hata moja. Yaani alifika Ujerumani, lakini alifika kwa mlango wa mbele, jezi ikimsubiri. Erling Haaland, ambaye baba yake alicheza Ligi Kuu ya Uingereza na simu zake zinapokelewa kokote, alipotoka Molde ya Norway naye alianzia Salzburg ya Austria kabla ya Dortmund.

Najua utaniuliza kuhusu wa kwetu, kwa hiyo nawataja. Mbwana Samatta hakuruka moja kwa moja. Alikaa TP Mazembe karibu miaka mitano, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, ndipo Januari 2016 akaenda Genk. Kule alicheza, akafunga, na msimu wa 2018/19 akapachika mabao 23 ya ligi na timu ikawa bingwa wa Ubelgiji. Januari 2020 akaenda Aston Villa. Alifunga mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Bournemouth, akafunga tena fainali ya Kombe la Ligi Wembley dhidi ya Manchester City. Ukiangalia video hizo mbili tu utadhani mambo yalikuwa mteremko. Lakini Villa walikuwa wanapigania kutoshuka, mpira ulimfikia kwa nadra, ligi ikasimama miezi mitatu kwa sababu ya corona, na katika mechi 14 za ligi bao likabaki lile moja. Septemba akaondoka kwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Mimi sioni kwamba Samatta alishindwa England. Naona straika aliyezoea kulishwa akapelekwa kwenye timu yenye njaa. Baadaye alibeba ubingwa wa Ugiriki akiwa na PAOK, mwaka 2024.

Michael Olunga ndiye ninayempenda zaidi kwa somo hili, maana njia yake haikunyooka hata kidogo. Alianzia Djurgården ya Sweden 2016, akafunga vizuri, akauzwa China mapema 2017, wakati uleule China ilipopunguza idadi ya wageni wanaoruhusiwa uwanjani. Akakopeshwa Girona ya Hispania. Januari 2018 alifunga matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas, na bado hakupata namba ya kudumu. Akaenda Kashiwa Reysol ya Japani, ikashuka daraja mwaka huohuo. Wengi wangedai kuuzwa. Yeye akabaki, akacheza ligi ya pili ya Japani, akafunga mabao 27, manane kati ya hayo katika mechi moja waliyoshinda 13-1. Mwaka 2020, timu ikiwa imerudi juu, alifunga 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Kilichofuata ni mkataba wa Qatar, na nina hakika kwamba huo ulilipa deni la kila baridi aliyoipata njiani.

Hata serikali zinahesabu dakika. Uingereza tangu Januari 2021 kibali cha mchezaji wa kigeni hutolewa kwa pointi, na pointi hizo hutokana na mechi za timu ya taifa, ubora wa ligi unayotoka na dakika ulizocheza humo. Kukaa benchi kwenye klabu yenye jina kunaweza kukufungia mlango ambao klabu ya jina dogo ingekufungulia.

Kwa hiyo Norway, lakini nina masharti. Simu ya kocha ni nzuri, ila kocha anaweza kufukuzwa Mei. Kabla hujasema ndiyo, tafuta mechi tano za mwisho za timu hiyo uzitazame zote bila kuruka. Usiangalie mabao. Chukua karatasi, weka alama kila mpira unapofika kwa namba tisa wao akiwa ndani ya boksi, na uandike umefikaje: krosi ya juu, pasi ya chini kutoka pembeni, mpira wa kupenyezwa nyuma ya mabeki, au mpira mrefu wa kugombea kwa kichwa. Kisha jiulize mabao yako 16 yalipatikanaje. Kama wewe ni wa kukimbilia nyuma ya mabeki na wao wanapiga krosi thelathini kwa mechi, umeitwa kufanya kazi ya mtu mwingine, na utalaumiwa kwa kutoijua. Kama katika mechi tano alama zako hazifiki kumi na tano, nami ningesita.

Uliza pia mastraika wao ni wangapi, wana umri gani, na mikataba yao inaisha lini. Ukiona kuna mwenye miaka 33 ambaye mkataba unaisha mwisho wa msimu, hiyo ni habari njema. Ukiona wamemnunua mwingine mwenye miaka 22 miezi mitatu iliyopita, muulize kocha waziwazi kwa nini anakutaka wewe. Jibu lake litakuambia mengi, hasa akianza kuzungukazunguka.

Sasa yale mabao 16. Mangapi yalikuwa penalti? Watu wanaonunua mastraika huziondoa kwanza, kwa sababu penalti huingia takriban mara tatu katika kila nne, apige nani. Kama sita zilikuwa penalti, kule wanakuhesabia kumi, na wewe jihesabie kumi. Si aibu. Ila ukifika mahali ambapo penalti zina mwenyewe, usishangae kuona idadi yako inapungua hata ukicheza vilevile.

Norway ligi huanza masika na kumalizika karibu na mwisho wa mwaka, kinyume na Ujerumani inayoanza Agosti. Ukienda Januari utapata wiki nyingi za maandalizi kabla ya mechi ya kwanza, na hilo ni zawadi: unazoea, unajifunza, unakosea bila kuhesabiwa. Ukienda Agosti utaikuta timu iko katikati ya vita. Viwanja vingi kule ni vya nyasi bandia. Mpira hudunda tofauti, na magoti hulalamika wiki za kwanza. Ukitua, waombe wakuonyeshe viatu wanavyovaa wenzako kwenye nyasi hizo, usilazimishe vya meno marefu.

Ni lini ningekuambia Ujerumani? Kama timu ya pili inacheza ligi ya tatu, kama mkataba unasema kwa maandishi kwamba utafanya mazoezi na kikosi cha kwanza, na kama kuna kipengele kinachokupa haki ya kutolewa kwa mkopo usipofikisha dakika fulani ndani ya miezi sita. Waulize. Wakikataa kuandika, basi ile "tutakupandisha" ni maneno ya mezani.

Tuje kwenye mkataba wenyewe. Wangu wa kwanza nje ulikuwa na kurasa kumi na moja. Nilisoma moja, ile yenye tarakimu. Kipengele cha bonasi kilisema nitalipwa nikifikisha mabao kumi ya ligi. Nilifika tisa zikiwa zimebaki mechi tano, na sikupangwa tena hadi msimu ukaisha. Siwezi kuapa kwamba bonasi ndiyo iliyonikalisha, huenda nilikuwa nimechoka na kocha aliona. Lakini tangu hapo kila kijana namwambia: bonasi ilipwe kwa kila bao, kuanzia la kwanza, na iwe na bonasi ndogo ya kila mechi unayoanza. Hiyo ya kuanza ina maana kwamba hata mwezi usiofunga una kitu.

Mshahara uulizwe kwa neno moja: ni kabla ya kodi au baada? Nusu ya mshahara wa Ujerumani inaweza isiwe nusu ukishatoa kodi, na inaweza kuwa zaidi ya nusu kama Norway wanakupa nyumba na tiketi za ndege. Linganisha kinachobaki mfukoni baada ya kodi na pango, ndipo useme ipi kubwa.

Vipimo vya afya vifanyike kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba utegemee kufaulu vipimo au kupata kibali cha kazi. Ukishasainiwa na pande zote, umesainiwa, na klabu haiwezi kukurudisha nyumbani kwa kisingizio kwamba goti lako limeonekana na kasoro. Klabu zinazojua hilo hupima kwanza. Inayotaka usaini kwanza na kukuandikia "mkataba utaanza kazi akifaulu vipimo" ama haijui kanuni au inakujaribu.

Tazama sana neno "hiari ya klabu". Mkataba wa miaka miwili wenye hiari ya klabu kuongeza miwili mingine kwa mshahara uleule ni mkataba wa miaka minne kwako na wa miwili kwao. Ukifunga sana watauongeza, ukikosa watakuacha. Ikibidi ukubali, basi hiari iwe ya mwaka mmoja na mshahara upande kwa asilimia iliyotajwa. Kwa umri wako mimi ningetaka miaka miwili na nusu au mitatu, pamoja na kipengele cha bei ya kuachiwa (bei ambayo ikilipwa klabu yako lazima ikuachie) ambacho klabu ya daraja la kati Ubelgiji au Uholanzi inaweza kukimudu. Mawakala wengine hupenda bei kubwa kwa sababu inapendeza magazetini. Bei kubwa ni kufuli tu.

Kuumia ndiko kunakoniuma zaidi kulieleza, maana goti langu la kushoto ndilo lililonistaafisha. Iandikwe kwamba ukiumia kazini mshahara unaendelea hadi mwisho wa mkataba, kwamba klabu inalipa matibabu yote, na kwamba una haki ya kupata maoni ya daktari wa pili kabla ya upasuaji. Daktari wa timu ni mtu mwema, lakini mwajiri wake ana mechi Jumamosi.

Wasipokulipa, una ulinzi ambao vijana wengi hawaujui. Klabu ikikudai, samahani, wewe ukiidai klabu mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria, unaiandikia notisi ya kuipa angalau siku 15 ilipe deni lote. Zikipita bila malipo, una sababu halali ya kuvunja mkataba na kudai fidia kwenye chombo cha FIFA cha kutatua migogoro. Usikae na madai hayo zaidi ya miaka miwili, yatakataliwa kwa kuchelewa. Kila kitu kiwe kwa maandishi, barua pepe, si sauti za WhatsApp. Na jiunge na chama cha wachezaji wiki ya kwanza: Norway kuna NISO, Ujerumani kuna VDV. Mwanasheria wao huusoma mkataba wako kwa macho ambayo hayana asilimia ndani yake.

Kuna kifungu kingine kinachomruhusu mchezaji aliyeshiriki chini ya asilimia kumi ya mechi rasmi za msimu kuvunja mkataba kwa sababu za kimichezo. Usikitegemee. Kinamlenga mchezaji aliyekwisha kukomaa kisoka, na kwa kijana wa miaka 20 ni vigumu kushawishi mtu kwamba ni wewe.

Hukusema kama bado una mkataba na klabu yako ya sasa. Kama umebakiza zaidi ya miezi sita, klabu inayokutaka lazima iongee na klabu yako kwanza. Ndani ya miezi sita ya mwisho unaweza kuzungumza na kusaini kwingine kwa ajili ya baadaye. Usitoroke. Kuvunja mkataba bila sababu ndani ya miaka mitatu ya mwanzo kunaweza kukufungia miezi minne bila mechi.

Ujue pia kwamba ukiondoka kabla ya mwaka unaotimiza 23 kumalizika, klabu iliyokulea inaweza kudai fidia ya malezi. Ulaya klabu zimewekwa katika makundi manne, na kiwango kwa kila mwaka wa malezi ni euro 90,000, 60,000, 30,000 au 10,000, kutegemea kundi la klabu inayokuchukua. Miaka mitatu kwa klabu ya kundi la pili ni euro 180,000. Ndiyo sababu wakati mwingine klabu ndogo hunyamaza ghafla ingawa ilikupenda: mhasibu amepiga hesabu. Hiyo ni mazungumzo ya klabu kwa klabu. Mtu asikuambie uchangie. Klabu yako ya sasa ikiwa na busara itapunguza fidia na kuchukua asilimia ya mauzo yajayo, na wewe unaweza kuwaomba hivyo kwa heshima, ana kwa ana. Klabu yako ya utotoni nayo ina chake: kila ukiuzwa kwa ada, asilimia tano hugawiwa klabu ulizosajiliwa kuanzia miaka 12 hadi 23. Hakikisha kumbukumbu zako za usajili za miaka hiyo ziko sahihi kwenye shirikisho, na tarehe yako ya kuzaliwa ni ile moja kila mahali.

Ukifika, miezi mitatu ya kwanza itakuwa mibaya. Nasema hivi ili ikija usidhani una tatizo. Giza saa tisa alasiri, wenzako wanacheka utani usiouelewa, na pasi haziji kwa sababu viungo hawajui unakimbilia wapi. Jifunze kwanza maneno ya uwanjani kwa lugha yao: geuka, nyuma yako, uko peke yako, acha. Hayo kama arobaini tu, na uyatamke kwa sauti mazoezini hata ukichekwa. Kisha mchague kiungo mmoja anayependa kupiga pasi za mbele, ubaki naye dakika ishirini baada ya mazoezi kila siku. Mimi nilifanya hivyo na kiungo mfupi asiyependa kuongea. Katika mabao yangu 19 ya nje, pasi 11 zilitoka kwake.

Pesa za nyumbani zipangie kiasi kimoja kwa mwezi na tarehe moja, mwambie mama au kaka mkubwa ndiye azigawe. Ukiwa unapokea simu za shida usiku wa kuamkia mechi, utafunga kwa shida.

Nimeongea mengi. Wiki hii fanya mawili. Tazama hizo mechi tano na karatasi yako. Kisha mpigie yule kocha wa Norway, msalimie, mshukuru, umuulize anawapanga mastraika wangapi kwa mechi, na penalti nani anapiga.